Albamu Isiyo na Matoazi

Wapiga ngoma wa Bagamoyo hawana matoazi, na sijawahi kusikia mtu akiwahurumia kwa hilo. Msondo, vumi, chapuo na kinganga hujitosheleza: kubwa hushika chini, ndogo hujibu juu, na nafasi inayobaki katikati huachiwa miguu ya wachezaji na sauti za waimbaji. Ndiyo maana nilipoanza kuisikiliza albamu ya tatu ya Peter Gabriel, iliyotoka Uingereza mwezi Mei mwaka 1980, jambo la kwanza lililonigusa halikuwa sauti ya mwimbaji wala gitaa, bali kukosekana kwa ule mvumo wa shaba ambao katika muziki wa roki hutanda juu ya kila kitu kama vumbi la barabara ya changarawe. Gabriel aliwakataza wapiga ngoma wake kugusa matoazi tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa mpiga ngoma wa roki, amri hiyo ni sawa na kumwambia mpishi wa pilau asitie bizari. Nimeisikiliza albamu hii kwa miezi kadhaa sasa, na kadiri ninavyoirudia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba amri hiyo moja ndiyo iliyoizaa, na kwamba nyimbo zake zilizo dhaifu ni zile ambazo mwenyewe aliisahau roho ya amri yake.

Kwa msomaji asiyemfahamu, Gabriel alikuwa mwimbaji wa kundi la Genesis, mojawapo ya makundi yaliyoijenga roki ya progresivu, yaani ule mkondo wa roki ambao wimbo mmoja waweza kujaza upande mzima wa santuri, ukabadilisha mwendo mara tano, ukasimulia kisa chenye wahusika wengi, na kurundika kinanda juu ya kinanda. Jukwaani alikuwa akivaa vinyago na maleba ya ajabu, na watu wengi walikwenda kumtazama kabla ya kwenda kumsikiliza. Mwaka 1975 aliliacha kundi likiwa linapanda chati, akaanza kutoa albamu za peke yake, na nne za mwanzo akazipa jina moja tu, jina lake mwenyewe, akisema zichukuliwe kama matoleo ya jarida moja. Kwa hiyo wasikilizaji huzitofautisha kwa picha za jalada. Hii ya tatu ina picha ya uso wake uliopigwa kwa kamera ya Polaroid, ile inayotoa picha papo hapo, kisha wino wake ukavurugwa kabla haujakauka, hata nusu ya uso ikawa inachuruzika mithili ya nta ya mshumaa. Jalada hilo lilitengenezwa na Hipgnosis, kampuni ya Kiingereza ya kusanifu majalada, na ni tangazo la haki kabisa kwa yaliyomo ndani.

Sisi wa Bagamoyo tuna sababu yetu ya kumjua mtu huyu. Marehemu Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba, kile kinanda cha vidole gumba, na zeze, aliyetoka Ugogo akaishi hapa mjini hadi alipofariki mwaka 2003, alirekodi albamu yake ya Chibite katika kampuni ya Real World, ambayo Gabriel aliianzisha mwaka 1989, na mwaka 2002 alifuatana naye katika ziara ya Marekani akifungua maonyesho. Mwaka 2024 kampuni hiyohiyo ikatoa albamu ya Zawose Queens, mabinti wa ukoo huo. Watu wa hapa hulitamka jina la Gabriel kama la mfadhili au mwenyeji wa mbali, ilhali wachache sana wamewahi kuusikiliza muziki wake mwenyewe. Nami nilikuwa miongoni mwa wengi hao hadi mwaka jana.

Nakala yangu ni CD iliyotumika, niliyoinunua Dar es Salaam kwa muuzaji aliyeniapia kwamba haina hata mkwaruzo. Mkwaruzo upo, na uko mahali pabaya, kwenye wimbo wa tisa, ambao ndio ulio kimya kuliko zote, hivyo kila kwikwi ya mashine husikika kama mtu anayegonga dirisha. Nililalamika, nikaambiwa bidhaa iliyotumika hairudishwi. Nikaamua kuibeba kama ilivyo hadi Dunda, hapahapa Bagamoyo, kwa mzee mmoja fundi wa kuwamba ngoma, kwa kuwa nilitaka kuisikiliza albamu ya ngoma mbele ya mtu anayezijua ngoma kuliko anavyoijua roki.

Tulianza na wimbo wa kwanza, Intruder, unaosimulia kwa nafsi ya kwanza habari za mtu anayeingia usiku katika nyumba isiyo yake. Anayepiga ngoma ni Phil Collins, ambaye alikuwa ameirithi nafasi ya Gabriel ya kuimba katika Genesis, na mdundo anaoupiga ni mmoja tu, hauongezi wala haupunguzi, kama nyayo za mtu asiye na haraka. Lakini sauti ya ngoma zenyewe ndiyo iliyoingia katika historia. Katika studio ya Townhouse jijini London, fundi mitambo Hugh Padgham na prodyuza Steve Lillywhite waliitumia sauti iliyonaswa na kipaza sauti cha mazungumzo, kile ambacho mwanamuziki aliye ndani ya chumba hukitumia kusemezana na walio kwenye mitambo. Chombo hicho huikandamiza sauti kwa nguvu ili hata mnong'ono usikike, na wao wakaongeza kifaa kinachoikata sauti ghafla mara inapoanza kufifia. Matokeo yake ni kwamba kila pigo huja na mwangwi mkubwa wa ukumbi, kisha mwangwi huo hufungwa papo hapo, kama mlango uliobamizwa na upepo. Miaka iliyofuata karibu kila studio ya Ulaya na Marekani iliuiga ujanja huo mpaka ukachosha masikio ya dunia, lakini hapa bado ni mbichi na unatisha. Ni dhahiri pia kwamba usingewezekana kama matoazi yangekuwapo, kwa sababu toazi huvuma muda mrefu na kifaa cha kukata kingeugeuza mvumo wake kuwa fujo.

Mzee wangu hakuhitaji maelezo hayo. Alikuwa ameshika chapuo mpya aliyoiwamba juzi yake, akaisogeza kwenye moto wa makuti, akawa anaizungusha taratibu huku akiigonga kwa ncha za vidole, akisikiliza ngozi inavyokaza. Ngozi baridi hutoa sauti pana inayotambaa; ikishapata moto, sauti hupanda, hukauka, na hukatika mara tu kiganja kinapoondoka. Aliposikia pigo la tatu au la nne la Intruder aliinua uso akasema, "Huyu kaipasha ngoma yake moto, mwanangu, kaipasha mpaka imekuwa kuni." Nikamwambia kwamba hakuna moto wowote, ni mitambo ya studio. Akajibu kwamba mitambo nayo ni moto tu, ila wenyewe hawaoni moshi.

Wimbo wa pili, No Self Control, ndio ulionishinda kabisa kuuwekea kasoro. Unaanza kwa marimba zinazozunguka na kuzunguka, sauti ndogo kavu zinazofukuzana, na juu yake anaimba mtu asiyeweza kujizuia kula, kusema wala kuumiza. Nyuma yake sauti ya Kate Bush, mwimbaji wa Kiingereza, hupita kama mtu mwingine aliye chumba cha pili. Kisha, baada ya dakika kama mbili za kujibana, ngoma za Collins huporomoka zote kwa pamoja, na mtu unajikuta umeinuka kwenye kiti. Anayesikia marimba zikipigwa hapa Bagamoyo tangu utotoni ana haki ya kuuliza kama hizi za Gabriel zina uhai wowote, kwa maana wanamuziki wengi wa Ulaya huzitumia kama pambo tu, ladha ya nchi za joto. Hapa si pambo. Mzunguko wao ndio wazimu wenyewe wa mhusika, nao ukiondolewa hakuna wimbo.

Start ni saksafoni ya Dick Morrissey kwa dakika moja na kidogo, mlango tu wa kuingilia I Don't Remember, ambao Tony Levin anaubeba kwa Chapman Stick, chombo chenye nyuzi kama gitaa lakini hugongwa kwa vidole vya mikono yote miwili badala ya kukung'utwa. Ni wimbo mzuri wa mtu anayehojiwa na hana kitambulisho wala kumbukumbu. Unafanya kazi yake, unaondoka.

Family Snapshot unastahili muda zaidi. Gabriel aliutunga baada ya kusoma shajara ya Arthur Bremer, kijana wa Kimarekani aliyempiga risasi mwanasiasa George Wallace mwaka 1972, si kwa chuki ya kisiasa bali kwa kiu ya kujulikana. Wimbo unaanza kwa piano na sauti ya chini ya mtu anayesubiri msafara wa magari upite. Kadiri magari yanavyokaribia ndivyo vyombo vinavyoongezeka, gitaa, besi, ngoma, saksafoni, hadi mwendo unakuwa wa mbio, na msikilizaji anajikuta, bila kutaka, anausubiri mlio wa risasi pamoja na muuaji. Mlio haufiki kwa namna tuliyoitarajia. Muziki huvunjika, piano hubaki peke yake, na tunamwona mtoto mdogo nyumbani kwao, marafiki wameondoka, akiwangoja wazazi wamtazame. Yote haya hutokea ndani ya dakika nne na ushei. Katika siku zake za Genesis angekitandaza kisa hicho kwa dakika ishirini, kukiwa na mavazi matatu na mabadiliko ya kinanda, na huenda tungemshangilia, lakini nina hakika tungekumbuka mavazi zaidi ya mtoto. Wanaodai kwamba Gabriel aliiacha roki ya progresivu mwaka huu wa 1980 nadhani hawakuusikiliza wimbo huu vizuri, kwa kuwa ufundi wote wa mkondo ule umo, isipokuwa umekamuliwa maji.

Sitakaa sana kwenye nyimbo zinazofuata kabla ya kufika mwisho wa albamu. And Through the Wire, unaofunga upande wa kwanza wa santuri, una gitaa la Paul Weller, kijana wa kundi la The Jam, na una nguvu, ila ni nguvu ya kawaida ambayo kundi lolote la miaka ile lingeweza kuitoa. Games Without Frontiers ndio uliowapendeza wengi, ukafika nafasi ya nne katika chati za Uingereza. Unaifananisha siasa ya mataifa na michezo ya watoto, na jina lake limechukuliwa kwenye mashindano ya televisheni ambayo miji ya Ulaya ilikuwa ikishindana kwa kuanguka majini na kubeba ndoo, huku Kate Bush akiliimba jina la Kifaransa la mashindano hayo. Ule mluzi wake ukishaingia kichwani hautoki kwa siku tatu. Not One of Us unahubiri juu ya kubagua wageni, na kosa lake ni hilohilo la kuhubiri: mwimbaji aliyetuingiza kimyakimya ndani ya mwizi na ndani ya muuaji, hapa amesimama mimbarini na kutuelekezea kidole, na vyombo vimejaa hadi pembeni. Ni mahali pekee ambapo niliyatamani matoazi, kwa kuwa wimbo umejengwa kama wimbo wa matoazi kisha yakaondolewa. Lead a Normal Life, ule wenye mkwaruzo kwenye nakala yangu, una mistari michache tu kuhusu mahali penye miti na ambapo wakazi hula kwa vijiko bila kupewa visu; yaliyobaki ni kinanda na hewa. Nimeazima simu ya jirani na bando lake ili niusikie mzima angalau mara moja, na ninakiri kwamba ni mzuri zaidi usipokwamakwama.

Albamu inafungwa na Biko. Steve Biko, kiongozi wa Harakati ya Utambuzi wa Weusi ya Afrika Kusini, alikamatwa Agosti 1977, akateswa na polisi mjini Port Elizabeth, kisha akiwa mahututi na bila nguo akasafirishwa nyuma ya gari zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria, ambako alikata roho tarehe 12 Septemba. Alikuwa na umri wa miaka 30. Gabriel alipoutoa wimbo huu naye alikuwa na miaka 30, na sidhani kwamba jambo hilo lilimpita bila kulihesabu. Wimbo unachukua zaidi ya dakika saba. Unafunguka na kufungwa kwa sauti za waombolezaji zilizorekodiwa katika mazishi ya Biko mwenyewe, na mwishoni ni wimbo ule wa kilio unaouliza kwa Kixhosa, tumefanya nini. Katikati kuna ngoma moja nzito inayopiga polepole, gitaa linalonguruma chini kwa chini bila kubadili noti, na baadaye sauti kama ya zumari za mfuko za Waskoti, ambazo nazo ni za msibani huko kwao.

Nilikuwa na wasiwasi na wimbo huu kabla ya kuusikia. Mwingereza tajiri kuimba kifo cha Mwafrika ni jambo linaloweza kugeuka upesi kuwa la kujipamba kwa msiba wa mwenzako, na wasiwasi huo haujaniisha wote hata leo. Ngoma yenyewe, kwa mfano, ni ngoma ya Afrika ya kufikirika: si ya Waxhosa, si ya Wazulu, wala haipo popote pwani yetu. Nilimwuliza mzee. Yeye alikuwa kijana wakati wapiganaji wa Msumbiji walipokuwa na shule yao hapa Bagamoyo, na anakumbuka redio ilivyotangaza kifo cha Biko, kwa hiyo hakuhitaji kusimuliwa ni nani. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameiweka chapuo chini, kisha akasema, "Hiyo si ngoma ya kwao marehemu, wala si yetu. Lakini mpigaji anajua kungoja. Wengi hawajui." Akaongeza kwamba katika ngoma ya msiba anayepiga mapigo mengi ni mgeni, kwa kuwa mfiwa hana nguvu za kupiga mengi.

Nimekubaliana naye, na hapo ndipo nilipolielewa lile katazo la matoazi lilivyofanya kazi hadi kwenye maneno. Gabriel hamwelezi Biko alikuwa mtu wa namna gani, hasimulii mateso, hatuambii tuhisi nini. Anataja mwezi, hali ya hewa, chumba cha polisi kwa namba yake, anataja jina la mtu, kisha anaimba maneno mawili ya Kixhosa yanayoiomba roho ishuke. Neno lenyewe ni umoya, na sikio la Mswahili hulipokea kama moyo. Katika mji ambao wazee husimulia kuwa ulipata jina kwa watu waliofika hapa wakabwaga moyo, mtu hawezi kulipisha hivihivi. (Katika maneno yaliyochapishwa, y imeandikwa j, ikawa moja. Mswahili akisoma hubaki anahesabu, moja ya nini.) Baada ya hapo mwimbaji ananyamaza, umati unaitikia bila maneno, na waombolezaji wa kweli wanachukua wimbo wao. Sehemu bora ya wimbo wa Gabriel ni ile ambayo Gabriel hayumo, na nadhani ndivyo alivyokusudia.

Haikumfaa kibiashara mara moja kila mahali. Nchini Uingereza albamu ilishika nafasi ya kwanza, lakini kampuni ya Atlantic iliyomsambaza Marekani iliisikiliza na kuikataa, ikamwachia aende zake, na ikatolewa huko na Mercury. Mwaka huohuo aliirekodi upya sauti yake kwa Kijerumani na kutoa toleo zima kwa lugha hiyo. Nimesikia vipande vyake, na Intruder kwa Kijerumani unaogofya maradufu, labda kwa sisi tuliokua tukilipita lile boma la Wajerumani kila siku kwenda shule.

Anayetaka kuinunua atafute toleo lililosafishwa upya mwaka 2002, na kabla ya kutoa fedha aombe kuusikia wimbo wa tisa. Asiisikilize kwa spika ya simu, kwa maana nusu ya albamu imo katika sauti za chini ambazo simu haizitoi, naye atabaki anashangaa nimesifia nini. Aisikilize usiku, kwa mpangilio wake, na kama umeme utakatika kati ya Lead a Normal Life na Biko, kama ulivyokatika kwangu mara mbili, aanze tena upande wa pili badala ya kurukia mwisho. Nakala yangu asiiombe. Mzee ameibakiza kwake Dunda, anasema kuna kijana anayemfundisha kuwamba ambaye hupiga mapigo mengi mno, na anataka akae naye kwenye ule wimbo wa kwanza mpaka amwelewe.